Bao la Zege Chini ya Miembe: Tathmini ya Mchezo Uliojengwa na Wanafunzi wa Ufundi Mjini Tabora

Nimelicheza bao hili tangu wiki ya kwanza ya Septemba hadi mvua za mwanzo za Novemba, siku nyingi nikiwa mshindani na siku nyingine mtazamaji, na nadhani sasa ninaweza kulieleza kwa haki. Ni bao la zege lenye urefu wa sentimita 207 na upana wa sentimita 107, lililojengwa na wanafunzi wa chuo kimoja cha ufundi hapa Tabora katika bustani ya umma yenye miembe mikubwa, kama kazi yao ya mwisho wa mwaka, na mtu yeyote anaruhusiwa kulicheza bila malipo. Kabla sijalisifu wala kulilaumu, msomaji ajue anayemsomea ni nani: nimecheza bao kwa zaidi ya miaka 40, na miaka yangu ya kazi niliitumia katika karakana ya reli, mahali ambapo milimita tatu zikizidi hakuna aliyekuuliza kama ulikuwa umechoka. Nilifika bustanini na futi yangu mfukoni, na nilikuwa nimekwisha kujiandaa kutolipenda.

Sababu ya kutolipenda ilikuwa ukubwa wake. Bao la mninga tulilolizoea hubebwa kwapani, huwekwa juu ya kigoda au mkekani, na mchezaji hulimiliki lote kwa mkono mmoja bila kuinua kiwiko. Niliona kama upuuzi kulikuza kitu ambacho uzuri wake wote umo katika udogo wake. Wanafunzi walinijibu kwa hoja mbili, na ya kwanza sikuweza kuipinga. Bao huchezwa na watu wawili na kubishaniwa na kumi. Katika bao la kawaida hao kumi huona visogo na kofia za wenzao tu, na mtoto aliyefika nyuma yao haoni chochote, kwa hiyo hajifunzi chochote. Mchezo wa bustani ya umma, walisema, lazima uonekane na aliyesimama safu ya tatu. Hoja ya pili ilikuwa ya wizi: bao la mninga likiachwa bustanini usiku mmoja halitakutwa asubuhi, ilhali hili la zege, kwa hesabu niliyoifanya mwenyewe baada ya kupima unene wake wa sentimita 18 na kutoa ujazo wa mashimo, lina uzito wa karibu kilo 800. Mwizi wa kulibeba hilo namkaribisha.

Sehemu ya kazi hii inayostahili sifa kuliko zote ni ile iliyotangulia saruji. Mvua zilipokwisha, mwezi wa Mei, wanafunzi walileta bustanini bao la maboksi. Walikuwa wamekata mashimo 32 kwenye makatoni yaliyogundishwa pamoja, wakaliweka juu ya meza mbili za kuazima, wakawaomba wazee wanaokutana pale kila jioni walicheze kwa kokoto huku wao wamekaa pembeni na madaftari. Nilikuwepo. Mzee mmoja aliyestaafu ualimu alilitazama kwa muda mrefu bila kuligusa, kisha akauliza kwa upole, "Wajukuu zangu, mbona mmezijenga nyumba zinachunguliana madirishani?" Sisi wengine tuliangua kicheko, lakini wanafunzi hawakuelewa mpaka walipoelezwa. Nyumba, yaani lile shimo la mraba, huwa ni shimo la nne kutoka mkono wa kulia wa kila mchezaji katika safu yake ya mbele, na kwa kuwa wachezaji wanatazamana, mkono wa kulia wa mmoja uko upande wa kushoto wa mwenzake. Kwa hiyo nyumba mbili haziwezi kukabiliana. Kila moja hupishana na nyingine kwa shimo moja. Mchoraji wa maboksi alikuwa amehesabu kutoka upande mmoja tu wa karatasi, akaziweka uso kwa uso. Kosa hilo lilisahihishwa kwa wembe na gundi kwa muda wa robo saa. Lingekuja kugunduliwa ndani ya zege, lingekaa pale mpaka wajukuu wa hao wajukuu.

Kosa la pili la maboksi halikuhitaji mwalimu mstaafu, kwa sababu lilijionyesha lenyewe kwenye viuno vya watu. Mashimo ya mchoro wa kwanza yalikuwa na kipenyo cha sentimita 30, na nafasi ya sentimita 8 kati ya shimo na shimo, na ukingo wa sentimita 12. Mchezaji wa bao hachezi na safu zake mbili peke yake. Kila anapokula lazima aufikishe mkono kwenye safu ya mbele ya mpinzani na kuzoa kete zilizomo. Kwa vipimo vile, kutoka ukingoni hadi katikati ya shimo la mpinzani palikuwa na sentimita 103, na mkono wa mtu mzima wa kawaida, tangu begani hadi ncha za vidole, ni sentimita 70 na ushei. Wazee walikuwa wakila kete kwa kulala kifudifudi juu ya maboksi, na mmoja alisema kwamba hajawahi kuona mchezo ambao mshindi huondoka akiumwa mgongo kuliko aliyeshindwa. Wanafunzi waliandika. Waliporudi wiki mbili baadaye, shimo lilikuwa limepunguzwa hadi sentimita 20, nafasi hadi 5, na ukingo hadi 6, na umbali ule wa kufikia ukashuka hadi sentimita 66. Huo ndio umbali uliopo leo, na ninaweza kushuhudia kwamba nimekula nyumba ya mpinzani mara nyingi bila kuinuka kwenye benchi.

Umwagaji wa zege niliufuatilia kama wengine wanavyofuatilia mpira. Waliamua kulimwagia palepale bustanini juu ya kuta mbili fupi za matofali, uamuzi wa busara, kwa maana kitu cha kilo 800 kikimwagwa chuoni kitahitaji winchi ili kufika bustanini. Mchanganyiko ulikuwa ule wa kawaida wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, na ndani mkawekwa wavu wa nondo nyembamba. Mashimo yalitengenezwa kwa mabakuli ya plastiki 30 yaliyopakwa oili chafu kwa nje ili zege lisiyashike, na nyumba mbili zikafanyiwa visanduku vya mbao. Hapo ndipo walipokutana na jambo ambalo halimo kwenye mchoro wowote: bakuli tupu huelea ndani ya zege bichi kama mtumbwi. Walifanya jaribio kwanza kwa mabakuli matatu ndani ya sanduku la mbao, wakayajaza mchanga, na bado yakapanda juu moja baada ya jingine, na vijana wakaduwaa. Hesabu yake si ngumu mtu akishaiona. Bakuli lile linachukua nafasi ya lita mbili za zege, na lita moja ya zege bichi ina kilo 2.4, kwa hiyo zege linalisukuma bakuli juu kwa nguvu ya karibu kilo 5, wakati mchanga wa kulijaza haufiki kilo 4. Ukiyajumlisha mabakuli yote 30 unapata kilo 150 zinazotaka kuinuka kwa pamoja. Siku ya kazi yenyewe walipitisha mbao nene juu ya safu zote nne, wakazifunga kwa waya kwenye kuta za chini na kuzikandamiza kwa mawe. Bakuli moja tu lilisogea, la tatu kutoka mwisho wa upande wa kaskazini, na hadi leo shimo hilo lina kina pungufu kwa sentimita moja na nusu. Nimelipima. Halidhuru mchezo, ila kete zake hujaa haraka na kuwadanganya wageni kwamba ni nyingi.

Baada ya hapo hawakufanya haraka. Walilifunika kwa magunia na kulinywesha maji asubuhi na jioni, kisha wakaliacha litimize siku zake 28 ndipo mtu wa kwanza akaruhusiwa kuliegemea. Sehemu ya juu ilipigwa niru nyororo na kingo zote zikasuguliwa hadi zikawa mviringo, kwa hiyo mkono wa shati haukwaruzwi. Katika ukingo wa kila mchezaji kuna kihori kirefu cha kuwekea zile kete 22 za ghala ambazo mchezo unaanza zikiwa hazijaingia baoni. Hiki kihori ni kitu kidogo, lakini ni ushahidi kwamba wajenzi waliangalia watu wakinamua, yaani wakiingiza kete za ghala baoni moja moja, kwa sababu katika mabao mengi ya kuchonga kete hizo hukaa kwenye kofia, kwenye kanga, au katika ngumi ya mtu anayezihesabu upya kila mara kwa hofu ya kuibiwa.

Sasa nifike kwenye lawama, nayo ni moja kubwa. Wanafunzi hawa walipima urefu wa mkono, wakasahau kiganja.

Kete walizotengeneza ni za mninga, zimekerezwa vizuri kwa mashine, zina kipenyo cha sentimita 4 na ubapa mdogo upande mmoja ili zisiviringike zikianguka chini. Kwa macho zinapendeza, rangi yake ya kahawia yenye wekundu inaonekana mpaka nyuma kabisa ya watazamaji, na shimo moja linachukua kete 30 na zaidi kabla halijafurika. Hesabu ya shimo, basi, iko sawa. Lakini bao halichezwi ndani ya shimo. Linachezwa ndani ya ngumi. Mchezaji huzoa kete zote za shimo kwa mkupuo mmoja, na vidole huziachia moja moja kwa mfululizo, tok tok tok, huku macho yamekwisha kutangulia kule zitakakoishia. Komwe ya kawaida, ile mbegu ngumu tuliyoizoea kuwa kete, ina sentimita 2 hivi. Kete ya sentimita 4 ni mara mbili ya komwe kwa futi, lakini kwa ujazo ni mara nane, na kiganja kinachobeba komwe 20 bila kulalamika hulemewa na kete hizi zikifika tano. Siku ya kwanza nilikuwa na kete 11 katika shimo la pili kutoka kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Nilizoa tano, nikaziweka kifuani kwa mkono wa kushoto, nikazoa tatu, moja ikaanguka chini ya benchi, nikainama kuiokota, na nilipoinuka sikukumbuka nilikuwa nimefikia wapi, na mpinzani wangu, ambaye ni rafiki yangu wa miaka mingi, alikataa kunikumbusha.

Kwa mtu ambaye hakulizoea bao, hilo laweza kuonekana dogo. Kwa anayelijua, ni sawa na kumpa mpiga ngoma magongo yaliyofungwa vitambaa. Kasi ni sehemu ya mchezo, na mchezaji mzuri humtisha mwenzake kwa sauti ya kete kabla hajamtisha kwa hesabu. Hapa sauti yenyewe ni nzito na fupi, ya mti ukigonga zege, nami ninaikosa ile ya komwe juu ya mninga. Wanafunzi walipoulizwa walikiri kwamba bao la maboksi lilichezwa kwa kokoto ndogo za ujenzi, na kete za mninga zilikuja baadaye, zikapendwa, na hazikurudishwa mbele ya wazee. Hapo ndipo utaratibu wao mzuri ulipokatika. Kitu walichokipitisha mikononi mwa watu kilitoka sahihi. Kile ambacho hakikupitishwa ndicho kilichokosewa, na kilikuwa kitu rahisi kuliko vyote kukijaribu, maana kete tano za mfano zingetosha na hakuna aliyekataa kushika kete tano.

Dawa yake naiona katika kipimo cha sentimita 2.5. Kiganja kitabeba karibu kete 20, watazamaji wa safu ya pili wataziona bila taabu, na hazitapita kwenye tundu la kutolea maji lililo chini ya kila shimo, kwa kuwa bomba lake ni la nusu inchi. Nimewaambia, na wamesema watazikereza mwaka wa masomo utakapoanza tena.

Wakati tunasubiri, watu hawakukaa kimya. Mama mmoja anayeuza asali na mboga jirani na bustani alileta kibuyu kilichopasuliwa nusu, kata ya kuchotea maji, akampa mumewe aliyekuwa akihangaika na kete kifuani. Kata ile ikawa ngumi. Mchezaji huchota kete zote za shimo kwa mkono mmoja, huishika kata kwa kushoto na kusia, yaani kuziachia moja moja mashimoni, kwa kulia, na mchezo ukarudi kwenye mwendo unaovumilika, ingawa si ule wa zamani. Wanafunzi waliposikia, waliongeza kata mbili na kuzifunga kwa mnyororo mwembamba kwenye kuta za matofali. Mnyororo wa upande wa kusini ni mfupi mno kufika kichwa cha kushoto. Bado hawajaubadilisha.

Ukubwa ule niliokuja nikiudharau umezaa pia jambo ambalo hakuna mtu aliyelichora. Kwa kuwa bao lina urefu wa zaidi ya mita mbili, mchezaji aliyekaa katikati hafiki vichwa vyote viwili, na hulazimika kusogea kwenye benchi kwenda na kurudi kila kete zinapozunguka. Wazee walichoka kusogea, wakaanza kukaa wawili upande mmoja, mmoja akishika mashimo ya kulia na mwingine ya kushoto. Kwa desturi ya bao hili ni jambo la ajabu, kwa sababu mawazo ya mchezaji ni siri yake, na sasa lazima amnong'oneze mwenzake huku wapinzani wamesimamisha masikio. Ugomvi ni mwingi na mtamu. Zaidi ya hayo, nafasi ya pili kwenye benchi imekuwa mlango wa kuingilia kwa watu ambao zamani hawakuombwa kukaa. Mwanafunzi mmoja wa kike wa darasa la sita, ambaye babu yake alihitaji mtu wa kumfikia kichwa cha kushoto, alikaa siku ya kwanza kama mkono tu, siku ya tatu akaanza kushauri, na wiki ya pili akanisalimu kwa heshima zote, "Shikamoo babu," nikamwitikia "Marahaba," kisha akalitazama shimo langu la mwisho la safu ya mbele na kuniambia mbele ya umati, "Ila babu, kichwa chako kitupu." Ni kweli kilikuwa kitupu. Tulifungwa mkononi, kete zetu za ghala zikiwa bado hazijaisha.

Suala la upotevu wa kete halikupangwa vizuri mwanzoni. Kete 64 ziliachwa wazi ndani ya sanduku la mbao, na kufikia wiki ya tatu zilikuwa zimebaki 55. Nyingine nadhani zimekuwa magurudumu ya magari ya watoto, na mninga uliokerezwa kwa kweli ni gurudumu zuri. Sasa kete zinatunzwa na muuza kahawa aliye kwenye lango la bustani, anayezitoa kwa hesabu na kuzipokea kwa hesabu, na anayezichukua huacha kwake kitu cha thamani, mara nyingi kofia. Zile tisa zilizopungua zilifidiwa kwa kokoto, na maembe yalipoanza kuiva watoto wakaanza kutumia kokwa zilizoanikwa juani. Wakati hakuna mtu mzima bustanini, watoto hucheza kwa kokwa tupu, zote 64, na hapo hakuna anayeombwa kofia. Kokwa ya embe ni bapa, haiviringiki, na haimuumi moyo aliyeipoteza. Inachafua shimo kwa nyuzi zake, lakini nisingewakataza.

Kuhusu maji, wanafunzi walikuwa na mawazo sahihi na bomba jembamba. Kila shimo lina tundu chini lenye bomba la nusu inchi linalotoa maji upande wa pili wa zege, na kwa mvua juu ya bao safi lingetosha. Lakini bao limekaa chini ya mwembe, na mwembe hudondosha majani, vijiti na matunda yaliyotobolewa na ndege. Baada ya mvua kubwa ya kwanza ya Novemba nilihesabu mashimo tisa yaliyotuama maji. Katika joto letu yai la mbu huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 14, kwa hiyo bao likiachwa wiki mbili bila kuchezwa msimu wa masika litakuwa kitalu cha mbu katikati ya mahali pa kupumzikia. Muuza kahawa ameweka kipande cha waya wa baiskeli pamoja na kete, na anayekuja wa kwanza asubuhi huzibua. Bomba la inchi moja lingeondoa kazi hiyo, lakini tundu la inchi moja nalo lingeanza kumeza kete ndogo ninazozipigania mimi, basi katika hili siwezi kuwalaumu kwa nguvu.

Kibao cha kanuni kimeandikwa kwa Kiswahili safi na herufi kubwa, na kinaeleza vizuri mpangilio wa bao la Kiswahili: kete 6 katika nyumba, 2 na 2 katika mashimo mawili yanayoifuata upande wa kulia, na 22 ghalani. Kinaeleza kunamua, kula na kutakata, yaani kucheza zamu bila kula. Kisha kinaishia pale ambapo wageni huanza kugombana, kwa kuwa hakisemi lolote kuhusu hiari ya mchezaji pale anapokuwa akila na kete yake ya mwisho ikaangukia katika nyumba yake mwenyewe, kama ataishia hapo au nyumba itasafiri, yaani kete zake zizolewe na kuendelea kusiwa. Nimeamua ugomvi wa namna hiyo mara nne kwa wiki moja. Aidha, kwa mtoto, mahali pa kuanzia palipaswa kuwa bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete 2 na hakuna kunamua. Maelezo yake yangeenea katika mistari mitatu, na kibao kina nafasi hiyo chini, ambapo sasa pamechorwa twiga.

Benchi ni imara na lina urefu unaolingana na meza. Ngazi mbili za kukalia watazamaji, zilizojengwa kwa matofali upande wa magharibi, zinajaa kabla ya benchi lenyewe kujaa, na mtu wa ngazi ya juu anayaona mashimo yote 32, jambo lililokusudiwa tangu mwanzo. Mwisho mmoja wa meza umeachwa bila benchi ili kiti cha magurudumu kiingie, na kinaingia. Rangi nyekundu ya nyumba mbili imeanza kubanduka.

Kwa anayetaka kucheza kwa utulivu, asubuhi kabla ya saa nne ndiyo nzuri, kwani kuanzia saa kumi jioni atasubiri zamu yake na atapata ushauri ambao hakuuomba. Kete azichukue langoni, na asiende na kofia anayoipenda sana. Mwenye komwe zake 64 nyumbani aje nazo. Zege linazipokea vizuri, ngumi inarudi kuwa ngumi, na watu wa ngazi ya juu wataanza kulalamika kwamba hawaoni kitu.